Jinsi ya kuchambua vitendo-uneni katika ujumbe unaochanganya Kiswahili na Kiingereza mitandaoni

Mtu akiandika "Naomba ushare hii please" kwenye kundi la WhatsApp, kuna maswali mawili ya kujibu. Anatenda nini kwa maneno hayo, yaani kitendo-uneni chake ni kipi? Na lugha hizo mbili zimekutania wapi, kwa kazi gani? Wengi huanza na swali la pili. Huhesabu maneno ya Kiingereza, hutoa asilimia, kisha huorodhesha sababu za kuchanganya lugha: mazoea, kujionyesha, kukosa msamiati. Orodha hiyo ingeweza kuandikwa bila kusoma ujumbe hata mmoja, ndiyo maana haimsaidii mtu.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Kitambue kwanza kitendo, ukiwekee mipaka, kisha ndipo utazame lugha imebadilika wapi ukilinganisha na mipaka hiyo. Mifano yote iliyomo imetungwa kwa ajili ya kufundishia.

Nadharia unayohitaji kabla ya kuanza si nyingi. J. L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955, alitenganisha mambo matatu: maneno yanayotamkwa, jambo linalotendwa kwa kuyatamka, na athari inayompata msikilizaji. John Searle aliendeleza kazi hiyo na kuvigawa vitendo-uneni katika makundi matano: kuarifu, kuelekeza, kuahidi, kueleza hisia na kutangaza. Kwa upande wa lugha, Shana Poplack (1980) aliwatazama Wapuerto Rico wa New York na kutofautisha kubadili lugha kati ya sentensi, ndani ya sentensi, na kwa vipachikwa vya pembeni kama "you know". John Gumperz (1982) alionyesha kazi ambazo mabadiliko hayo hufanya katika mazungumzo, zikiwemo kunukuu, kumchagua anayesemeshwa na kurudia jambo kwa mkazo. Carol Myers-Scotton (1993) alitumia data ya Nairobi kueleza kwamba lugha moja hubeba muundo na nyingine hupachikwa ndani yake. Hao watano watakufikisha mbali.

Kukusanya ujumbe

Kusanya nyuzi nzima, yaani chapisho pamoja na majibu yake yote, usiokote machapisho ya pekepeke. Kitendo-uneni huthibitishwa na kinachofuata; chapisho lililokatwa majibu yake linakuacha ukibahatisha. Kwa kazi ya darasani, nyuzi 30 zenye ujumbe 8 hadi 20 kila mmoja zinatosha kukupa vipande mia kadhaa. Kwa kila ujumbe andika tarehe, mtandao uliotumika, hadhira (hadharani, kundi lililofungwa au mtu kwa mtu), uhusiano wa wanaoandikiana kama unajulikana, na ujumbe uliotangulia. Uhusiano ndio unaosahaulika mara nyingi, na bila huo huwezi kusema lolote kuhusu heshima.

Ujumbe uliosambazwa kutoka kwingine uweke kando. Mchanganyiko uliomo si wa aliyeutuma, ingawa kuusambaza kwenyewe ni kitendo chenye nguvu yake. Vivyo hivyo kwa matangazo ya biashara na maandishi yaliyotafsiriwa na programu. Jihadhari pia na kibodi inayojirekebisha: inaweza kugeuza neno la Kiswahili kuwa la Kiingereza linalofanana nalo, nawe ukalihesabu kuwa ni chaguo la mwandishi.

Suala la faragha halifutwi kwa kubadilisha jina tu. Ujumbe wa hadharani ukinakiliwa neno kwa neno unaweza kutafutwa na kumfikisha mtu yeyote kwa mwandishi wake. Badilisha maneno ya maudhui, acha mahali lugha inapobadilika palivyo, kisha liweke toleo lako jipya kwenye mtambo wa kutafutia, ndani ya alama za kunukuu, uone kama linaleta ukurasa wa mwenyewe. Kwa kundi lililofungwa, ruhusa ya admin peke yake haitoshi. Waliomo ndio wenye maneno yao. Anayekataa, ujumbe wake uondoe pamoja na sehemu zinazomnukuu.

Kukata vipande

Kipimo chako kiwe kitendo. Sentensi, mstari au ujumbe mzima havifai, kwa sababu ujumbe mmoja hubeba vitendo viwili au vitatu bila tabu:

"Jamani mmeona hiyo update mpya? Please msiinstall kwanza 😩"

Hapa kuna mwito ("Jamani"), swali ambalo kwa kweli ni utangulizi wa onyo, onyo lenyewe, na emoji. Emoji usiitupe. Dresner na Herring (2010), wakichunguza alama za aina hii zilizoandikwa kwa kibodi kama :-), walionyesha kwamba si picha za hisia tu. Mara nyingi huonyesha nguvu ya kitendo. Hapo juu, uso uliochoka unalifanya katazo lisomeke kama ushauri wa aliyekwisha pata hasara. Toa emoji hiyo, weka nukta, nalo katazo linakuwa kavu zaidi.

Fungua lahajedwali yenye safu hizi: ujumbe kama ulivyoandikwa, kipande, maandishi yaliyotenganishwa viambishi, kitendo, umbo la sentensi, lugha inayobeba, mahali pa badiliko, jibu lililofuata, na maelezo. Safu ya kwanza isiguswe kamwe. Watu huandika "nimereply", "amenitag", "tumeet" bila kistari, na ndivyo safu ya kwanza inavyopaswa kubaki. Kistari unakiweka wewe katika safu ya tatu: nime-reply, ameni-tag, tu-meet. Ukisahihisha tahajia mapema utapoteza ushahidi. "Cjui", "xaxa" na "2onane" ni maneno ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa ujanja. Katika "2onane" tarakimu inasomwa kwa jina lake la Kiingereza ili itoe silabi "tu". Liingize chini ya Kiswahili, na uandike katika maelezo kwamba njia ya kuliandika imepita Kiingereza.

Kukitaja kitendo

Kwa kila kipande uliza: baada ya maneno haya, nani ana wajibu gani? Msomaji akiachiwa jambo la kufanya, ni kuelekeza. Mwandishi akijifunga kufanya jambo, ni kuahidi. Akidai kwamba jambo fulani liko hivi, ni kuarifu. Akipongeza, akishukuru, akilalamika au akitoa pole, ni kueleza hisia. Na kama hali yenyewe imebadilika kwa sababu ametamka, ni kutangaza. Kundi hili la mwisho ni dogo mitandaoni lakini lipo: admin akiandika "Kuanzia sasa kundi limefungwa" na kweli akalifunga, ametangaza. Mwanachama wa kawaida akiandika maneno yaleyale ametania au amelalamika, kwa kuwa hana mamlaka hayo.

Umbo la sentensi usiliamini. "Unaweza kunitumia link?" si swali kuhusu uwezo. "Betri yangu iko two percent" inaweza kuwa ombi la kukatisha mazungumzo. Ndiyo maana umbo lina safu yake, mbali na kitendo.

Mchanganyiko wa Kiswahili na Kiingereza una mitego yake, nao ndio unaowaangusha hata wachambuzi wazoefu wa Kiingereza peke yake.

Mtego wa kwanza ni irabu ya mwisho. Kitenzi cha Kiswahili chenye asili ya Kibantu hubadili irabu katika dhamira tegemezi: unatuma, utume. Kitenzi cha Kiingereza kilichopachikwa hakina irabu hiyo ya kubadilisha. "Udelete" haina alama ya amri mwishoni; -e yake ni ya tahajia ya Kiingereza. Kinachoonyesha kuwa ni agizo ni kukosekana kwa kiambishi cha njeo baada ya u-. Linganisha "umedelete", "utadelete" na "udelete". "Tumeet kesho" ni pendekezo kwa njia hiyohiyo, na ukiongeza alama ya kuuliza linakuwa ombi la idhini. Anayetafuta maagizo kwa kompyuta akiishika -e ya mwisho atayakosa mengi yenye vitenzi vya Kiingereza. Katazo ni rahisi zaidi, maana usi- na msi- zinaonekana wazi. Lakini "sireply" ina utata: hata kwa Kiswahili, "sijibu", bado tungebaki na maana mbili, mazoea ("huwa sijibu") au kukataa hapohapo. Jibu linalofuata ndilo litakaloamua.

Mtego wa pili ni vijineno: eti, hebu, basi, si, jamani, ati. Vifupi hivi hubeba nguvu ya kitendo huku maudhui yakiwa ya Kiingereza. "He left the group" ni taarifa. "Eti he left the group" ni taarifa ambayo mwandishi hataki kuidhamini, na mara nyingi inaomba kuthibitishwa. "Si uende live tu" ni kusukuma, wala haina ukanushi wowote. "Hebu check inbox" inaagiza kwa upole wa watu waliozoeana. Anayehesabu maneno ataona "eti" kama neno moja kati ya matano. Anayechambua vitendo ataona kwamba neno hilo moja ndilo limeamua kitendo kizima.

Wa tatu ni "sorry". Wazungumzaji wa Kiswahili hulitumia kwa kazi ya "samahani" na pia kwa kazi ya "pole". "Sorry nimechelewa kureply" ni kuomba radhi. "Sorry dada, nimesikia umeibiwa simu" ni kutoa pole, wala mwandishi hajakiri kosa. Yote mawili yamo katika kundi la kueleza hisia, lakini ni vitendo tofauti, na jibu hutofautiana: la kwanza hujibiwa "usijali", la pili hujibiwa "asante" au "ahsante, nishapoa". Ukiwa na kundi dogo la vitendo chini ya kila kundi kubwa, yaani radhi, pole, pongezi, shukrani, lawama, dua, hutayachanganya.

Mahali lugha inapobadilika

Sasa tazama mipaka ya lugha na mipaka ya vitendo vikipishana au kukutana. Hapa ndipo penye utajiri wa kazi yote, kwa hiyo tumia muda wako mwingi hapa.

Kuna badiliko linaloangukia mpakani mwa vitendo viwili: "Nimeshamaliza kazi yako. Can you confirm?" Taarifa kwa Kiswahili, ombi kwa Kiingereza. Fanya jaribio la kubadilisha: liandike lote kwa lugha moja uone nini kinapotea. "Nimeshamaliza kazi yako. Unaweza kuthibitisha?" Kama mwandikiwa ni mkubwa kiumri au kicheo, Kiswahili kinadai uchague: naomba, tafadhali, mzee, dada, shikamoo iliyotangulia. Kiingereza kimempa mwandishi njia ya kuomba bila kujipanga katika ngazi hiyo. Hiyo ni tafsiri inayowezekana, bado haijathibitika. Itathibitika ukionyesha kwamba mwandishi huyohuyo, akiwaomba rika lake, habadili lugha mahali hapo.

Kuna badiliko linaloanguka ndani ya kitendo kimoja: "Naomba unitumie hiyo link." Hapa "link" ni jina la kitu tu. Halijagusa nguvu ya ombi, na hupaswi kulibebesha maana. Maneno ya aina hii, kama link, group, status na password, yatakuwa mengi sana katika data yako. Yaandike "upachikaji wa jina" na uendelee. Kosa kubwa kuliko yote katika uchambuzi wa aina hii ni kulipa kila neno la Kiingereza nia ya siri.

Kuna kitendo kinachorudiwa kwa lugha ya pili: "Usinitag tena. Don't tag me." Hapo ukali unaongezeka. Angalia lugha ipi imetangulia na kama marudio yamebadili maneno. Katika "Don't tag me please. Nimesema usinitag", lile "nimesema" linageuza marudio kuwa karipio, kwa sababu linataja katazo la kwanza na kudai limepuuzwa.

Na kuna kugawana kazi ndani ya tendo la kijamii lenye hatua zake. Salamu za siku ya kuzaliwa ni mfano mzuri: "Happy birthday mdogo wangu, Mungu akuzidishie umri." Kiingereza kinafungua kwa fomula inayotaja tukio, Kiswahili kinabeba uhusiano na dua. Fomula kama hiyo ihesabu kuwa kipande kimoja kilichokwisha kuundwa, si maneno mawili ya Kiingereza.

Ushahidi wako unapaswa kutoka sehemu tatu, kwa uzito huu. Kwanza jibu lililofuata: wenzake wamekichukuliaje kitendo hicho, na wamejibu kwa lugha ipi? Pili, mazoea ya mwandishi huyo katika ujumbe wake mwingine. Tatu, maelezo yake mwenyewe akiulizwa. Hayo huja mwisho kwa sababu mtu huulizwa baada ya tukio na hutoa sababu anayoona inafaa. Ukimya nao ni jibu, lakini usiutegemee peke yake. Alama ya kupenda iliyobonyezwa juu ya ombi inaweza kuwa ndiyo, nimeona, au tuishie hapa.

Mazoea ya mwandishi yana umuhimu kuliko inavyodhaniwa. Kwa watu wengi kuchanganya ndiyo lugha yao ya kawaida mtandaoni, na Myers-Scotton alilieleza hili vizuri: mchanganyiko wenyewe unaweza kuwa chaguo lisilo na alama, yaani la kawaida lisilomshangaza mtu. Kama mtu anachanganya katika ujumbe nane kati ya kumi, badiliko lolote moja halisemi mengi. Usome kwa makini ule ujumbe ambao hakuchanganya. Mtu aliyezoea "please usinidisturb" akiandika "Naomba uniache", kwa Kiswahili kitupu na nukta mwishoni, ndipo nguvu ilipo. Uchambuzi unaokusanya ujumbe uliochanganywa pekee hauwezi kuliona hili. Kwa hiyo usichuje data kwa kuondoa ujumbe wa lugha moja.

Kuhesabu

Ukihitaji kipimo cha kiasi cha mchanganyiko, tumia fahirisi ya Das na Gambäck (2014). Chukua jumla ya maneno na alama, toa zisizo na lugha kama emoji na majina. Chukua idadi ya maneno ya lugha yenye maneno mengi zaidi, igawe kwa baki hilo, toa kwenye 1, zidisha kwa 100.

Rudi kwenye "Jamani mmeona hiyo update mpya? Please msiinstall kwanza 😩". Vipo vipashio tisa. Ukitoa emoji vinabaki nane. "Update" na "Please" ni Kiingereza. "Msiinstall" je? Ukiliweka chini ya Kiswahili kwa kuwa Kiswahili ndicho kinachobeba muundo, Kiswahili kina maneno sita, na fahirisi ni 25. Ukiliweka chini ya Kiingereza kwa kuwa shina ni la Kiingereza, Kiswahili kina matano na fahirisi inapanda hadi 37.5. Ukiliondoa kama neno mseto, unabaki na saba, na fahirisi ni 28.6. Ujumbe mmoja, majibu matatu. Fahirisi iliundwa kuhesabu maneno mazima, ilhali Kiswahili hufunga kiima, njeo na yambwa ndani ya neno moja. Chagua kanuni moja, iandike kwenye ripoti, usiibadilishe katikati. Kanuni ya lugha inayobeba ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu viambishi vya kitenzi ndivyo vinavyobeba kiima na njeo, na kukosekana kwa njeo ndiko kulikotusaidia kutambua "udelete" kuwa agizo.

Programu za kutambua lugha zipe kazi ya awali tu, kisha pitia kwa macho. "Pole", "wake", "lake" na "mate" zimo katika lugha zote mbili, na programu inayotazama neno moja moja itakosea. Misimu ya vijana, Sheng ikiwemo, ipe safu yake badala ya kuisukuma upande mmoja.

Kupima kama mnakubaliana

Mtafute mchambuzi wa pili anayezijua lugha zote mbili na mazingira ya waandishi. Mfanye vipande 50 vya majaribio, mjadili mlipotofautiana, mrekebishe maelezo ya vitambulisho (majina ya vitendo mnayovipa vipande), kisha kila mmoja afanye asilimia 20 ya data peke yake. Makubaliano yapimeni kwa kappa ya Cohen (1960): makubaliano halisi toa yale yanayotarajiwa kwa bahati, gawa kwa 1 toa hayo ya bahati. Mkikubaliana kwa 0.82 na ya bahati yakiwa 0.30, mnapata 0.52 kwa 0.70, yaani 0.74. Kwa mizani ya Landis na Koch (1977), kati ya 0.61 na 0.80 ni makubaliano makubwa. Kitambulisho kimoja kikitawala data, kappa hushuka hata mkikubaliana sana. Toeni namba zote mbili.

Migongano mingi itatokea sehemu mbili. Moja ni kati ya kuarifu na kueleza hisia: "Nimechoka na hili group" ni habari au lalamiko? Angalieni kama kuna aliyejibu kwa kutuliza. Nyingine ni kati ya kuahidi na kuelekeza: "Tutaongea inbox" kwa umbo ni ahadi, lakini hadharani mara nyingi humaanisha "usiendelee kusema hapa". Kama mwandikiwa alinyamaza kwenye uzi baada ya hapo, ilipokelewa kama agizo.

Kuandika matokeo

Sentensi kama "watumiaji hubadili lugha ili kupunguza makali" haina uzito hadi iwe na mipaka. Andika ni maombi mangapi kati ya mangapi yalibadili lugha mpakani mwa kitendo, mangapi yalielekezwa kwa wakubwa na mangapi kwa rika, na mangapi yalijibiwa bila dalili ya kuudhika. Onyesha mfano mmoja unaounga mkono na mmoja unaopinga, kila mmoja ukiwa na ujumbe uliotangulia na uliofuata. Vipande ambavyo ninyi wawili mlishindwa kukubaliana baada ya majadiliano viwekeni kwenye kiambatisho vikiwa na vitambulisho vyote viwili. Msivilazimishe kuingia katika kundi lililo karibu ili jedwali lipendeze.